Bafa ya nyumbani ya kung'arishia viko: mota ya mashine ya kufulia inafaa au nimeshajiharibia kiko cha babu?

#1 Mwana_Busia
Wakuu habari za jioni. Niko Busia, upande wetu huu wa Uganda, naombeni msaada kabla sijaharibu zaidi.

Babu yangu alikuwa askari wa KAR, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki. Alirudi nyumbani na Kiswahili, koti zito la jeshi na kiko cha tumbaku. Koti lililiwa na panya, Kiswahili ndicho hiki ninachowasumbua nacho, kiko kikakaa kwenye sanduku la bati la bibi mpaka bibi alipofariki mwaka juzi. Ni kile cha mbao nyekundu yenye vidoa kama macho ya ndege, kina mdomo mweusi ila weusi wenyewe ulishakuwa rangi ya majani ya ndizi yaliyokauka. Mimi sivuti, nataka tu kifanane na kilivyo kwenye picha yake ya ukutani.

Nikaangalia video usiku kucha nikaona wenzetu wana mashine za bafa, zile zinazozungusha gurudumu la kitambaa la kung'arishia, ambazo bei yake huku unapata ndama. Nikaenda kwa mtu wa vyuma chakavu nikapata mota ya mashine ya kufulia kwa 35,000, nikaifunga kwenye kipande cha mvule, nikakata duara za kitambaa kama 20 nikazibana na washa na nati, basi. Dawa ni kipande cha ile ya kahawia ngumu kama sabuni, nilipewa na fundi mmoja anayeng'arisha vyuma. Mashine yote pamoja na swichi haijafika 60,000.

Sasa shida. Mbao imeng'aa kweli lakini ukiipeleka juani unaona mistari ya duara duara kama gari lililooshwa na mchanga. Mdomo uling'aa siku mbili, ya tatu ukarudi kahawia, halafu ulikuwa umepinda vizuri sasa naona kama umenyooka nyooka. Na kinachoniuma kuliko vyote, ubavuni palikuwa na maandishi MADE IN LONDON ENGLAND. Yamebaki DON ENGL. Kosa ni nini jamani, mota, kitambaa, dawa au mkono wangu?

#2 Boda_Mweledi
Kwani hizi vitu si serikali ilipiga marufuku 😂

#3 Hajati_Bombo
Boda, Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya 2015 ilikataza shisha na sigara za umeme, kiko cha kawaida hakimo, ila usivutie karibu na mahali pa umma, wameweka mita 50. Na huyu amesema havuti. Soma kwanza mwanangu halafu ucheke.

#4 Fundi_Katwe
Pole sana kwa DON ENGL, hiyo hairudi.

Kwanza tuambie mota yako ni ya ukoo gani maana mashine za kufulia zina koo mbili. Ukiona brashi mbili za kaboni zinasugua kwenye shafti, imetoka kwenye mashine za mlango wa mbele na hiyo ni hatari, ukiipa umeme moja kwa moja bila mzigo haina mwisho wa spidi, inapanda inapanda mpaka kitambaa kinachanika au mota yenyewe inafumuka. Niliona moja kwa jirani yangu wa karakana ikatembea mezani yenyewe kama ina majini, sote tukakimbia na aliyebaki kuzima swichi ni mtoto wa shule aliyekuja kuchomelea stendi ya baiskeli.

Kama haina brashi, ina nyaya tatu na kapasita (kile kifaa kinachohifadhi umeme), basi ni ya mashine ya matangi mawili, upande wa kufulia. Hiyo ni poli nne (ncha nne za sumaku), inaenda kama mizunguko 1,350 au 1,400 kwa dakika, imetulia. Ila haikuundwa kufanya kazi saa nzima, kwenye mashine inafua dakika chache inapumzika. Ukishindwa kuiwekea kiganja izime ukanywe chai.

Halafu jibu hili: ukisimama mbele yake, kitambaa upande wako kinashuka au kinapanda?

#5 Mwana_Busia
Fundi asante. Ni nyaya tatu na kapasita. Upande wangu kitambaa kinapanda. Kuna shida?

#6 Fundi_Katwe
Banange! Kiko kikinaswa kinakuja usoni kwako. Kitambaa kinatakiwa kishuke upande wako, na kazi ufanyie chini ya nusu ya gurudumu, ili kikinaswa kirushwe chini na mbali. Chomoa plagi, gusanisha miguu ya kapasita na bisibisi yenye mpini wa plastiki kwanza maana ina umeme umelala ndani, halafu ule waya wa umeme ulioingia upande mmoja wa kapasita uhamishie upande wa pili. Itageuka. Na chini ya gurudumu weka boksi lenye nguo kuukuu ili kiko kikianguka kianguke kwa mama.

#7 Jinja_Grainda
Watu mnapenda kujitesa. Mimi nina grainda ya mezani ya inchi 6, ya kawaida tu ya Kichina, nimetoa mawe na vile vizuizi vya pembeni nimeweka vitambaa. Inaenda 2,850, miaka mitatu sasa sina shida, viko zaidi ya kumi vimepita hapo. Kwa hiyo huyo Mwana wa Busia tatizo lake si spidi, ana 1,400 tu! Tatizo ni dawa. Fundi wa vyuma amekupa dawa ya chuma.

Tahadhari kwa atakayenunua grainda, nati ya upande wa kushoto ina uzi wa kushoto, ukiifungua kama za kawaida ndio unazidi kuibana. Mimi nilivunja spana.

#8 Boda_Mweledi
Kwa hiyo huu nao ni uzi wa kushoto, kadri unavyoufungua ndio unazidi kukaza 😂😂

#9 Dkt_Mbao
(Udaktari wa mbao tu, msiniulize dawa za mgongo.)

Jinja, namba ya mzunguko peke yake haisemi kitu. Kinachosugua mbao ni ukingo wa kitambaa, na spidi ya ukingo inategemea upana. Zidisha kipenyo kwa 3.14 kwa mizunguko. Gurudumu la inchi 6 kwa 2,850 ukingo wake unakwenda karibu mita 23 kwa sekunde. La inchi 4 kwa 1,400 ni kama mita 7 tu. Na wale wanaosema nitaweka la inchi 8 kwenye mota ya polepole nitakuwa salama, mahesabu yanawakataa, inchi 8 kwa 1,400 ni sawasawa na inchi 4 kwa 2,850, zote karibu mita 15. Mwana wa Busia hujasema gurudumu lako ni upana gani.

Spidi huleta joto, ndiyo maana mdomo wako umenyooka. Mdomo huo ni wa eboniti, mpira uliopikwa na kiberiti kingi (kiberiti cha salfa, si cha njiti) na una kumbukumbu. Kiwandani uliundwa umenyooka ndipo ukapindwa kwa moto, kwa hiyo ukipata joto unataka kurudi ulikotoka. Umeupikia kwenye bafa. Kuurudisha si kazi, pitisha kitu laini kwenye tundu lisije likajikunja, uloweke kwenye maji ya moto sana, pinda taratibu, kisha maji baridi huku umeshikilia.

#10 Mwana_Busia
Ni inchi 8 Dokta 🙈 Nilipima na sahani ya chai.

#11 Dkt_Mbao
Basi tumempata mwizi.

#12 Mama_Cherehani
Hamjampata. Hamjauliza kitambaa ni kitambaa gani, wanaume mnaona mota tu.

Mwana wa Busia kata kipande kidogo cha hicho kitambaa chako ukichome na njiti. Kama kinawaka kama karatasi, kinanukia karatasi na majivu yanasagika vidoleni, ni pamba. Kama kinajikunja, kinatoa moshi mweusi na kuacha kichwa kigumu kama shanga, ni poliesta, na poliesta kwenye bafa inayeyuka na kukwaruza, unapata mistari hiyo hiyo ya duara unayolia nayo. Vitenge vingi vya bei ya chini sokoni ni hivyo, jina pamba, mwili plastiki.

Nunua amerikani, ile nyeupe mbichi isiyo na rangi, ifue na maji ya moto itoe wanga, ikauke. Kata duara za inchi 4, safu 30 hadi 40, za kupakia dawa shona mzunguko baada ya mzunguko kutoka katikati ili liwe gumu, za kupakia nta acha bila kushona au shona katikati tu. Sindano namba 18, usijaribu na 14 itakatika. Mimi nilimshonea kaka mmoja wa Mbale manne, akadhani ni vishikio vya sufuria akampa mkewe.

#13 Mwana_Busia
Mama nimechoma sasa hivi. Ni shanga tupu. Ilikuwa shuka la hoteli nililonunua mtumba.

#14 Boda_Mweledi
Wezi wamekuwa wawili.

#15 Afande_Mstaafu
Salamu kwa wote. Nimevuta kiko miaka 31, nikiwa Gulu, nikiwa Moroto, sasa niko kwangu Hoima, na bafa sijawahi kuwa nayo.

Kijana, mashine haiondoi ule ukahawia. Ule ni ngozi iliyooza juu ya eboniti kwa mwanga na hewa, salfa imepanda juu. Wewe uliing'arisha hiyo ngozi ikiwa bado ipo, umepaka mafuta juu ya upele. Siku ya tatu mafuta ya ile dawa yamekauka, upele uko pale pale. Kazi yake ni msasa wa maji. Anza 400, maji yatatoka kahawia kama uji wa mtama na yatanuka mayai viza, usiache mpaka povu liwe jeusi. Kisha 600, 800, 1000, 2000. Kila namba geuza mwelekeo, hii unasugua kwa urefu, ijayo kwa upana, ili uone kama mikwaruzo ya namba iliyotangulia imeisha. Mimi hutumia jioni mbili kwa mdomo mmoja, na redio pembeni. Ukifika 2000 unaweza kumaliza na dawa ya meno nyeupe na kitambaa, ukajiona.

Usiloweke kwenye dawa ya kung'arisha nguo nyeupe kama wengine wanavyofundisha. Inatoa rangi kweli, lakini inaacha uso wenye vinyweleo kama ganda la chungwa, msasa unakuwa mara mbili.

#16 Jinja_Grainda
Afande kwa heshima zote, ukahawia kurudi ndani ya siku tatu si ngozi ya zamani, ni joto. Ukipasha eboniti kwenye bafa salfa inatoka ndani upya. Mimi nimeona kwa macho, niling'arisha mdomo asubuhi ukawa kama kioo, nikabonyeza kidogo zaidi kwenye kona ukanuka kiberiti, kesho yake kona ile tu ndiyo ilikuwa kijani.

#17 Hajati_Bombo
Na mnasahau kuuliza alikiweka wapi baada ya kung'arisha. Cha marehemu mume wangu kilikuwa dirishani, upande unaopigwa na jua ukawa kahawia na upande wa ukutani mweusi tii. Nikakihamishia kabatini. Mwana wa Busia ulikiweka wapi?

#18 Mwana_Busia
Hajati... dirishani. Nilitaka wapita njia wakione.

#19 Mpwani_Mgeni
Nimepita tu kutoka Mombasa, Kiswahili cha jirani nakifurahia 😄 ila niwasahihishe kidogo. Mnasema "mdomo wa kiko", na wengine penye tumbaku husema "bakuli". Kiko cha kizamani cha pwani kilikuwa cha maji, na kiko chenyewe hasa ni kile chombo cha maji. Penye tumbaku huitwa bora, mti unaotoka kwenye bora kuingia majini ni digali, na unaowekwa mdomoni ni shilamu. Hata ile sauti ya maji yakigugumia ilikuwa na jina lake, malio ya kiko. Hicho cha babu hakina maji, kwa hiyo kwa lugha sahihi kina bora na shilamu tu.

#20 Fundi_Katwe
Mpwani asante kwa darsa, sasa tuambie kwa lugha sahihi kapasita inaitwaje.

#21 Mpwani_Mgeni
Kapasita 🙏🏾

#22 Hajati_Bombo
😂😂 Na Baganda wanakiita emmindi. Lakini shilamu nimelipenda, nalichukua.

#23 Boda_Mweledi
Mimi swali langu ni dogo. Si achukue ile nta ya kung'arishia magari apake, anamaliza kazi? Tanki langu linang'aa mpaka abiria wanajipaka poda humo.

#24 Dkt_Mbao
Hapana. Nyingi zina silikoni na vimumunyisho. Kwenye tanki sawa, kwenye kitu kinachopata moto na kuwekwa mdomoni hapana. Na silikoni ikishaingia kwenye mbao hutaitoa, nta nyingine yoyote utakayoweka juu inakataa kushika.

Mbao yenyewe ni braya, fundo la chini ya ardhi la kichaka cha nchi za Mediterania, huchaguliwa kwa sababu linavumilia moto na kunyonya unyevu. Ukiipaka vanishi umeiziba. Inayotumika ni kanauba, nta ya majani ya mti wa jamii ya mchikichi kutoka Brazili, ni ngumu kama kipande cha kioo, haishiki kwa kupaka na mkono, inahitaji joto la gurudumu. Hapo tu ndipo naona bafa ina kazi ambayo mkono hauwezi.

#25 Nyuki_Arua
Na sisi wenye nta zetu tufanyeje Dokta? Nafuga nyuki hapa Arua, nta nina ndoo nzima, kwa nini mtu atafute ya Brazili?

#26 Dkt_Mbao
Nyuki, ya nyuki inayeyuka nyuzi 62 hadi 64, kanauba 82 mpaka 86. Kiko kikiwaka kinapata joto mkononi, ya nyuki inalainika inanata vidole na vumbi lote la Arua.

#27 Nyuki_Arua
Lakini huyu havuti! Kiko hakitawaka. Kiko kitakaa kabatini kwa Hajati.

#28 Afande_Mstaafu
Nyuki amekushika hapo Dokta. Mimi natumia ya nyuki na kitambaa cha sufu na nakivuta kila siku, nanata kidogo, sijafa.

#29 Dkt_Mbao
Sawa, nimekubali kwa huyu asiyevuta. Afande wewe unanata, umekiri mwenyewe.

#30 Jinja_Grainda
Turudi kwenye dawa maana hamkunijibu. Kahawia si jina la dawa. Ile ya mbao inaitwa tripoli, ni unga laini wa jiwe la silika uliochanganywa na grisi. Za chuma nazo zipo za kahawia, ndani zina chembe kali zaidi. Rangi kila kiwanda kinaweka yake. Mistari ya duara ni ya hiyo, si ya poliesta wala inchi 8. Na kila dawa iwe na gurudumu lake, andika kwa kalamu pembeni, ukichanganya tripoli na nyeupe ya kumalizia umepoteza zote mbili. Na barakoa mvae, vumbi la silika si la kuchezea.

#31 Boda_Mweledi
Tripoli ile ya Libya au ya pale msikiti wa Gaddafi Old Kampala?

#32 Jinja_Grainda
Ya Libya wewe, jina linatoka huko.

#33 Fundi_Katwe
Jinja, "miaka mitatu sina shida" na grainda ya 2,850 bado siamini. Sema ukweli wako.

#34 Jinja_Grainda
😅 Haya. Kimoja. Kilikuwa cha mzee mmoja mteja wangu, nilikuwa nimefika kwenye ukingo wa juu wa bakuli, nikakigeuza ili nimalizie ndani ya ukingo, kitambaa kikauma ule ukingo. Sikukiona kikiondoka. Nilisikia tu pwaa ukutani, halafu kuku. Nilikuta bakuli kwenye banda la kuku na shilamu (Mpwani umeona nimeshajifunza) chini ya meza, imevunjikia shingoni ndani ya tundu. Kuku mmoja alikuwa amesimama amekitazama tu. Nilimtafutia mzee kiko kingine kwa pesa yangu. Na siku ile nilikuwa nimevaa glavu, ambayo ni ujinga mwingine, glavu ikinaswa inakwenda na kidole. Mikono mitupu, mikono ya shati imekunjwa juu, hakuna mkufu wala kitambulisho cha shingoni. Miwani vaa.

#35 Fundi_Katwe
Nashukuru kwa ukweli. Kuku yuko salama?

#36 Jinja_Grainda
Tulimla Krismasi.

#37 Kasese_Kwetu
Habari wakuu, nimechelewa. Kabla ya kung'arisha nje, ndani mmesafisha? Kiko cha miaka sitini kina utomvu ndani unaonuka. Jaza bakuli chumvi ya mawe, dondoshea waragi (pombe kali yetu) mpaka ilowe, acha usiku mmoja, asubuhi chumvi imekuwa kahawia imenyonya uchafu wote. Chumvi ya Katwe nzuri sana kwa hii.

#38 Boda_Mweledi
Fundi kumbe unauza na chumvi?

#39 Fundi_Katwe
Mimi ni Katwe ya vyuma, Kampala. Hiyo ni Katwe ya ziwa la chumvi, Kasese. Kila mwaka mtu ananiuliza.

#40 Dkt_Mbao
Kasese, wazo lipo na linajulikana, ila mambo mawili. Waragi ya dukani ni asilimia 40, maana yake zaidi ya nusu ni maji, unailowesha mbao. Tafuta pombe kali zaidi ya kunywa, si spiriti ya kusafishia vidonda maana ile hutiwa vitu vya kuwazuia walevi. Na chumvi ya ziwa si chumvi peke yake, ina magadi na madini mengine. Weka pamba badala ya chumvi, inanyonya vile vile. Na lile gaga jeusi ndani usilitoe lote ukafika kwenye mbao, acha unene wa sarafu.

#41 Kasese_Kwetu
Pamba sawa. Lakini babu zetu walitumia enguli, ile pombe kali ya kienyeji, na viko viko hai.

#42 Afande_Mstaafu
Viko viko hai. Babu wenyewe?

#43 Mama_Cherehani
😂 Afande!

Mwana wa Busia mimi nina wazo la kukuokoa na umeme pia. Cherehani ya miguu iliyokufa kichwa, lile gurudumu kubwa la chini na mkanda wa ngozi vinafaa kabisa. Mtu wa kukereza akuwekee shafti na beringi mbili juu ya meza, unakanyaga mwenyewe, spidi ni ya mguu wako. Ukichoka na gurudumu linachoka. Haiwezi kurusha kiko bandani kwa kuku.

#44 Hajati_Bombo
Au yule mnoa visu wa baiskeli anayepita mitaani, baiskeli juu ya stendi, anakanyaga jiwe linazunguka. Nilimuomba siku moja aniwekee kitambaa badala ya jiwe ning'arishe birika la shaba. Alishangaa sana, akanitoza 2,000, birika lilitoka kama jipya.

#45 Fundi_Katwe
Kwa kijijini ambako umeme unashuka jioni wazo la kukanyaga si baya. Mota ikipata umeme mdogo inaguna haizunguki, watu wanaisukuma kwa mkono iamke, mwisho inaungua. Ikiguna hata umeme ukiwa mzima, badilisha kapasita kabla hujalaumu mota.

#46 Mwana_Busia
Jamani nimesoma yote mara mbili, asanteni. Narudi baada ya kujaribu.

#47 Mwana_Busia
Wiki mbili baadaye, nimerudi. Nimefanya hivi. Nimegeuza waya, sasa kinashuka. Amerikani ya inchi 4, fundi cherehani wa sokoni alivunja sindano mbili akanidai. Mdomo nimesugua kwa msasa jioni tatu, Afande alisema mbili lakini yeye ana mkono wa jeshi, maji yalitoka kama uji wa mtama kweli na mke wangu alinitoa nje ya nyumba kwa harufu. Nikaupinda kwa maji ya moto ukarudi. Nikapata tripoli ya mbao kwa kijana anayeleta vitu kutoka Nairobi. Nta ni ya Nyuki, ilifika na basi imefungwa kwenye gazeti.

Kwenye maandishi niliweka tepu, DON ENGL ipo salama. Mistari ya duara imeisha. Kuna mmoja tu chini ya bakuli unaonekana ukiinamisha. Mdomo mweusi tii, siku ya nane leo, kabatini.

#48 Dkt_Mbao
Hongera! Umeona inchi 4.

#49 Mama_Cherehani
Inchi 4 ya nini, amerikani hiyo.

#50 Jinja_Grainda
Amebadilisha dawa nyinyi. Someni.

#51 Afande_Mstaafu
Jioni tatu za msasa. Hata angemalizia na soksi kingeng'aa.

#52 Hajati_Bombo
Na kabati. Ila mwanangu umebadilisha vitu vitano kwa mpigo, sasa nani atajua kilichokuponya ni kipi? Ule mstari mmoja wa chini ya bakuli tupige picha tuuone.

#53 Mwana_Busia
Simu haiuoni Hajati, unaonekana kwa jicho tu, saa kumi jioni jua likiwa upande wa Kenya... yaani upande wa pili, nimechanganya. Mimi naona ni wa ile dawa ya kwanza sikuumaliza na msasa, mke wangu anasema ni mbao yenyewe ilivyo.

#54 Jinja_Grainda
Mke yuko sahihi pengine. Braya huwa na vijishimo na mishipa ya mchanga.

#55 Dkt_Mbao
Mshipa wa mchanga hauendi duara.

#56 Boda_Mweledi
Mwana wa Busia, kama umemaliza kiko chenyewe kimoja, hiyo mota unaiuza? Nataka niweke jiwe ninolee visu vya bucha.

#57 Fundi_Katwe
Usiweke jiwe kwenye mota ile Boda, haina kizuizi, jiwe likipasuka hakuna cha kulizuia. Kitambaa tu. Na Mwana wa Busia usiuze, nina viko viwili vya mteja hapa na grainda yangu imeungua.